Pesa Zilipoingia, Uamsho Ukapoa: Somo Kutoka kwa John Wesley

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta mahali utulie, hata kama ni kwenye kiti cha matatu ukielekea kazini. Fungua Biblia yako, Marko 10, mstari wa 17 hadi wa 27. Soma kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma? Yule mtu alikuja kwa Yesu mbio. Alipiga magoti mbele za watu barabarani, na mtu mwenye cheo na mali hafanyi hivyo kirahisi. Amri alikuwa amezishika tangu ujana wake. Na Marko anaandika jambo ambalo wengi tunaliruka: Yesu alimtazama, akampenda. Ndipo akamwambia auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Uso wa yule mtu ukaanguka, akaenda zake kwa huzuni.

Tukihubiri habari hii tunapenda kumwonea yule tajiri. Tunasema alikuwa bahili, alikuwa mwovu. Maandiko hayasemi hivyo. Alikuwa mtu mzuri ambaye ungefurahi kumpata awe mzee wa kanisa lako. Kikwazo chake kilikuwa kimoja tu, na Yesu alikigusa hicho hicho. Zakayo alitoa nusu ya mali yake, na Yesu hakumdai nusu iliyobaki. Martha na Mariamu hawakuambiwa wauze nyumba ya Bethania. Yesu aliingia na kula humo. Kila mtu alishughulikiwa pale alipofungwa.

Sasa swali linakuja kwako na kwangu: wewe umefungwa wapi? Ili tulijibu vizuri, leo nataka tusafiri pamoja hadi Uingereza ya karne ya 18, tukutane na mtumishi wa Mungu aliyeitwa John Wesley. Wengi tunamjua kama mwanzilishi wa Wamethodisti. Wachache tunajua kwamba vita vyake vya miaka mingi, hadi siku za mwisho kabisa, vilikuwa juu ya pesa.

NYUMBA YENYE MADENI

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 katika kijiji cha Epworth. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Usidhani nyumba ya kasisi ilikuwa na raha. Mwaka 1705, John akiwa mtoto mdogo, baba yake alifungwa jela katika ngome ya Lincoln kwa sababu ya deni la karibu pauni 30. Mtumishi wa Mungu, ndani ya jela, kwa deni!

Askofu mkuu aliyetaka kuwasaidia alimwuliza mama Susanna kama familia yake imewahi kukosa mkate kabisa. Jibu lake kila mama wa Kenya atalielewa. Alisema kwamba kukosa kabisa hawajakosa, lakini kuutafuta huo mkate kabla ya kuula, na kuulipia baada ya kuula, kumekuwa na mahangaiko mengi kiasi kwamba kuupata kwa njia hiyo ni karibu sawa na kuukosa.

Dada yangu unayechukua unga kwa mkopo dukani na kulipa mwisho wa mwezi, mama Susanna alikuwa anakujua. Wesley alitoka katika nyumba ya namna hiyo. Alipozungumza juu ya pesa, hakuwa mtoto wa tajiri anayewahubiria maskini uvumilivu.

PAUNI 28

John alikuwa na akili nyingi. Alisoma Oxford, na mwaka 1726 akachaguliwa kuwa mmoja wa walimu wa chuo cha Lincoln pale Oxford. Kwa mara ya kwanza maishani akawa na mapato ya kueleweka. Hapa ndipo Mungu alipoanza naye.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye katika mahubiri kwamba siku moja ya baridi kali, msichana maskini, mmoja wa wale ambao yeye na wenzake walikuwa wakiwasomesha, alikuja chumbani kwake. Alikuwa amevaa gauni jepesi la kitani, anatetemeka. Wesley alimwuliza kama hana nguo nyingine. Hakuwa nayo. Akatia mkono mfukoni ampe pesa, akakuta karibu hamna kitu, kwa maana alikuwa ametoka kulipia mambo yake mengine. Ndipo wazo likamchoma moyoni: kuta za chumba zilikuwa zimepambwa, na pesa za mapambo yale zingemfunika msichana huyu asife kwa baridi. Je, Bwana wake angemsifu kwa hilo?

Tangu hapo alibadili hesabu zake. Katika mahubiri mengine alisimulia habari za kijana mmoja Mmethodisti wa Oxford, na wengi wanaamini alikuwa anajisema yeye. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili akapata 60, bado akaishi kwa 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu akapata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne akapata 120, akatoa 92. Matumizi yake yalibaki pale pale kwenye 28.

Simama hapo kidogo, mpendwa. Sisi mshahara ukipanda, tunafanya nini? Tunahama mtaa. Tunabadilisha simu. Tunachukua mkopo wa gari kwa sababu sasa "payslip inaruhusu". Baada ya miezi sita tunalia njaa ile ile tuliyokuwa tunalia kabla ya kuongezwa. Kwa Wesley mapato yalipopanda, kilichopanda ni utoaji. Wengi wetu hatujawahi hata kufikiri kwamba hilo linawezekana.

ALITOA, LAKINI HAKUWA NA AMANI

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wahubiri wengi wa habari za pesa hawafiki.

Wesley huyu anayetoa, anayefunga, anayetembelea wafungwa, hakuwa na uhakika wa wokovu. Mwaka 1735 alipanda meli kwenda Georgia, Marekani, kuwa mmisionari. Baharini ilipiga dhoruba mbaya, tanga kubwa likapasuka, maji yakaingia. Waingereza wakapiga kelele za kifo. Lakini kulikuwa na Wakristo Wamoravia kutoka Ujerumani, na wao, pamoja na wake zao na watoto wao, waliendelea kuimba zaburi. Wesley aliogopa sana kufa. Akajiuliza: hawa wana nini ambacho mimi sina?

Kazi ya Georgia ilimshinda. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa 1738 akiwa amevunjika moyo, akiandika kwamba alikwenda kuwaongoa wengine na yeye mwenyewe hajaongoka. Kisha jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, mtu mmoja alikuwa anasoma dibaji ya Luther juu ya waraka kwa Warumi. Ilikuwa karibu saa tatu kasorobo usiku. Wesley alihisi moyo wake unapata joto la ajabu. Akajua, kwa mara ya kwanza, kwamba anamtumaini Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake, zake hasa, zimeondolewa.

Unaona jambo hili? Kikwazo cha yule tajiri wa Marko 10 kilikuwa mali aliyoishikilia. Kikwazo cha Wesley kilikuwa wema wake. Pesa alikuwa ameshaziachilia, lakini alikuwa bado amezishika sadaka zake mkononi kama risiti, ili siku moja amwonyeshe Mungu. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13 kwamba mtu anaweza kugawa mali yake yote na bado asipate faida yoyote.

Nasema hili kwa upendo kwa wewe uliye mtoaji mkubwa kanisani. Umenunua viti, umelipia vyombo vya muziki, jina lako linatajwa kila mwaka. Mungu akubariki. Lakini je, unamtumaini Kristo, au unatumaini ile orodha? Sadaka ni tunda la imani, na mtu anaweza kuning'iniza matunda kwenye mti uliokauka.

UAMSHO KWA WACHIMBA MAKAA

Mwaka 1739 Wesley alianza kuhubiri nje, uwanjani, huko Bristol. Waliokuja kusikia walikuwa watu ambao makanisa makubwa yalikuwa hayawataki: wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, vibarua, wanawake wa sokoni. Wengi walikuwa wameharibiwa na pombe kali ya bei rahisi, ile jini ya Uingereza, kama tunavyoona chang'aa inavyomaliza vijana wetu leo.

Watu waliokoka. Na walipookoka, maisha yalibadilika hata mfukoni. Mlevi alipoacha kunywa, pesa ya wiki ilifika nyumbani. Mvivu aliamka mapema. Mwongo alianza kuaminika, na wateja wakaja. Watoto wakaenda shule.

Wesley hakuwaacha hapo. Mwaka 1746 alianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini. Zilichangwa pauni 30 na shilingi 16. Kanuni ilikuwa kukopesha shilingi 20 tu kwa mara moja, na mkopaji alirudisha kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi 3. Katika miezi 18, pesa hizo ndogo zilizunguka na kuwasaidia watu 255. Mpendwa uliye kwenye chama, umeielewa hesabu hiyo haraka kuliko profesa! Hakuwaambia maskini wakae wakingoja muujiza. Aliwapa mtaji, akawafundisha kurudisha.

Kisha mwaka 1760 alichapisha mahubiri juu ya matumizi ya pesa, yaliyojengwa juu ya Luka 16. Kanuni zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, pata kadiri unavyoweza, lakini usiharibu afya yako, usiharibu nafsi yako, na usimdhuru jirani yako. Kwa hiyo aliwakemea vikali wauzaji wa pombe kali na wale wanaonenepa kwa shida za wakopaji. Ya pili, weka akiba kadiri unavyoweza, usipoteze kwa tamaa ya tumbo wala ya macho wala kwa kutafuta sifa. Ya tatu, toa kadiri unavyoweza.

Kuhusu kutoa alipanga utaratibu: kwanza mahitaji yako ya lazima, pili mke na watoto na wote wa nyumbani mwako, tatu watu wa imani moja, nne watu wote. Soma tena utaratibu huo. Mtu yeyote akikuambia upande mbegu kwa pesa ya kodi ya nyumba au karo ya mtoto, jua kwamba hilo Wesley hakulifundisha, na Paulo katika 1 Timotheo 5:8 anasema neno zito juu ya asiyewatunza wa nyumbani mwake.

FUNDI VIATU ALIYEKOPA PAUNI 5

Nikupe mfano wa mtu mmoja. Aliitwa James Lackington, fundi viatu. Alikuwa Mmethodisti tangu ujana wake. Alifika London mwaka 1773 akiwa na sarafu chache tu mfukoni. Mwaka uliofuata alifungua kibanda kidogo cha kuuza viatu na vitabu vikuukuu. Mtaji ulikuwa mdogo mno. Akaenda kwenye ule mfuko wa Wesley, akakopeshwa pauni 5 bila riba.

Biashara ilishika. Aliacha viatu, akabaki na vitabu. Alikataa kuuza kwa mkopo. Alitaka pesa taslimu na faida ndogo kwa kila kitabu, ili auze vingi. Hatimaye akawa mmoja wa wauzaji wakubwa wa vitabu London, mwenye duka lililokuja kuwa maarufu mjini kote, na mapato ya maelfu ya pauni kwa mwaka. Alitembea kwa gari lake la farasi.

Lakini imani iliondoka mapema. Miaka michache tu baada ya kufungua duka alikuwa ameacha ushirika. Mwaka 1791 alitoa kitabu cha maisha yake, na ndani yake akawacheka Wamethodisti, akawafanya waonekane wajinga na wanafiki. Fikiria hilo. Zile pauni 5 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye michango ya watu wa kawaida, wafua nguo na vibarua waliotoa senti zao ili mwenzao ainuke. Aliinuka, kisha akageuka na kuwacheka.

Ashukuriwe Mungu, habari haikuishia hapo. Miaka ilipopita Lackington alirudi kwa Bwana. Mwaka 1804 akatoa kitabu kingine cha kukiri, akajutia maneno yake ya kwanza mbele ya watu wote, na akatumia mali yake kujenga nyumba za ibada za Wamethodisti. Alikufa mwaka 1815 akiwa amerudi nyumbani. Kama wewe uliinuliwa na maombi ya watu wadogo na leo unawaona washamba, bado kuna njia ya kurudi.

UGONJWA ALIOUONA WESLEY

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Wesley alipozeeka, kanisa lilikuwa limekua. Watu wengi, majengo mazuri, waumini wenye maduka na viwanda. Mtu mwingine angefanya sherehe. Yeye alianza kuogopa.

Mwaka 1786 aliandika kwamba haogopi Wamethodisti kutoweka duniani. Anaogopa wabaki, lakini wabaki kama dhehebu lililokufa, lenye sura ya dini bila nguvu. Naye alieleza jinsi kifo hicho kinavyokuja. Imani ya kweli humfanya mtu awe na bidii na asipoteze pesa. Bidii na akiba huleta mali. Mali ikiongezeka, kiburi huongezeka, na kuipenda dunia huongezeka. Kiburi na kuipenda dunia huiua ile imani iliyoleta bidii hapo mwanzo. Kwa hiyo uamsho hubeba ndani yake kitu kinachoweza kuuzima.

Je, dawa ni nini? Tuache kufanya kazi? Hapana. Wesley alisema Mkristo hawezi kukatazwa kuwa na bidii. Dawa aliyoiona ni moja: anayepata kadiri awezavyo na kuweka akiba kadiri awezavyo, lazima pia atoe kadiri awezavyo. Ukichukua kanuni mbili za kwanza ukaiacha ya tatu, alisema, utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla hujaokoka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1789, akiwa na miaka 86, aliuliza katika mahubiri kama kati ya Wamethodisti 50,000 wangepatikana hata 500 wanaoshika kanuni zote tatu. Wa kwanza na wa pili walikuwepo. Wa tatu walikuwa adimu. Mwezi Septemba 1790, miezi michache kabla ya kufa, bado alikuwa anaandika mahubiri juu ya hatari ya mali inayoongezeka. Aliona kwamba watu waliomsikia wakiwa maskini hawamsikii tena wakiwa na pesa.

VIJIKO VINNE NA MIGUU KWENYE THELUJI

Mtu anaweza kuuliza, yeye mwenyewe je? Maana kuna wanaohubiri maji na kunywa divai.

Vitabu vyake viliuzwa sana, na mapato yalikuwa makubwa. Mwaka 1776 watoza kodi walimwandikia. Serikali ilikuwa inatoza kodi vyombo vilivyotengenezwa kwa madini ya fedha, na walidhani mtu maarufu kama huyo lazima anavificha. Aliwajibu kwa kifupi: ana vijiko viwili vya fedha London na viwili Bristol, basi. Wala hatanunua zaidi wakati watu wengi wanaomzunguka hawana mkate.

Januari 1785, akiwa na miaka 81, aliona kwamba maskini wa kanisa walihitaji nguo, si mkate na makaa peke yake. Akatoka mwenyewe, akatembea mitaa ya London siku tano akiomba nyumba kwa nyumba, hadi akapata pauni 200. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na miguu yake ilikuwa imelowa tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi usiku aliugua tumbo vibaya. Mzee wa miaka 81! Angeweza kuwatuma vijana. Angeweza kuandika barua.

Alifariki London tarehe 2 Machi 1791. Katika wosia wake alikuwa ameagiza kwamba jeneza lake libebwe na maskini sita, nao wagawane pauni 6. Hata mazishi yake aliyageuza kuwa nafasi ya kuweka kitu mkononi mwa asiye na kitu.

JE, SISI?

Injili ile ile iliwafikia watu wetu. Mwaka 1862 mmisionari Mmethodisti Thomas Wakefield alianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, kabla ya reli na kabla Nairobi haijakuwa mji. Kwa hiyo usiseme haya ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mti huo una matawi hapa kwetu Pwani na Meru hadi leo.

Na sisi Wapentekoste tunaijua njia hiyo vizuri kuliko wengi. Makanisa yetu mengi yalianza chini ya mti, kisha mabati, kisha ukumbi wa kukodi. Tulikesha tukiomba kwa sababu hatukuwa na kingine. Mungu akatusikia. Leo kuna ploti, kuna magari, kuna watoto ng'ambo. Nami namshukuru Mungu kwa hayo. Umaskini si utakatifu, na mama Susanna angekuambia hivyo. Lakini nakuuliza: kesha iko wapi? Yule ndugu aliyekuwa anafika kwanza kufagia kanisa kabla ya biashara kukubali, siku hizi yuko wapi?

Halafu wewe usiye na kitu, usidhani somo hili limekupita. Katika Marko 4 Yesu anataja miiba inayosonga Neno, na anaweka pamoja mahangaiko ya maisha na udanganyifu wa mali. Mmoja anasongwa na alicho nacho, mwingine anasongwa na asichonacho. Ukilala unawaza pesa na kuamka unawaza pesa, basi pesa ni bwana wako, hata kama kwenye simu yako kuna salio la shilingi kumi.

Basi wiki hii fanya mambo matatu.

Moja, chukua karatasi, andika matumizi yako ya mwezi uliopita. Yote, pamoja na madeni ya simu. Usimwonyeshe mtu. Mwonyeshe Mungu, umwombe akuonyeshe palipo na kikwazo.

Mbili, weka kiwango chako. Pauni 28 zako ni ngapi? Amua kiasi ambacho wewe na nyumba yako mnaweza kuishi nacho kwa heshima, watoto wakisoma na kodi ikilipwa. Mungu akiongeza juu ya hapo, ujue kabla hakijafika kwamba kilichoongezeka kina kazi ya Mungu ndani yake. Ukingoja kifike ndipo uamue, moyo utakuwa umeshakipangia safari.

Tatu, mtafute mtu mmoja uliyemwacha nyuma. Yule aliyekukopesha nauli ya interview. Mama aliyekupikia ukiwa huna kazi. Mpigie simu leo. Usimpeleke kwenye mitandao, usipige picha. Mwinue kama ulivyoinuliwa.

Na juu ya yote, kama hujampa Yesu maisha yako, usianze na pesa. Wesley alitoa miaka mingi bila amani, hadi usiku ule wa Aldersgate alipoacha kujitumaini. Yule tajiri wa Marko 10 aliondoka na huzuni, lakini Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba lisilowezekana kwa mwanadamu linawezekana kwa Mungu. Mlango haukufungwa kwa yule mtu, na haujafungwa kwako.

Tuombe: Bwana Yesu, unitazame kama ulivyomtazama yule, na unipende hata ukinionyesha kitu nisichotaka kukiachia. Kama ni mali, fungua mkono wangu. Kama ni wema wangu ninaoutegemea, nipe kukutegemea wewe. Kama ni wasiwasi wa kesho, nitulize. Ulichonipa kisinitenge nawe. Ulichoninyima kisinitenge nawe. Katika jina la Yesu, amina.

Kama umeomba sala hii kwa moyo, andika AMINA, na umtumie mwenzako mmoja anayepitia majira ya kuongezewa au ya kupungukiwa. Tukutane kesho asubuhi, Mungu akitujalia uzima. Ubarikiwe sana.